Ufunguo wa serikali utalala kwa nani?

Juzi, katika kipindi cha wasikilizaji, baba mmoja alipiga simu akasema: makampuni ya simu yaipe serikali ufunguo wa kufungua mesaji zote za raia, ili wenye kubeba silaha wakamatwe. Wengi walimuunga mkono. Mimi nakataa, na si kwa ajili ya siasa. Nakataa kwa ajili ya hesabu.

Wapendwa wasomaji, chukueni namba tasa mbili, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 61 na 53. Kuzizidisha ni kazi ndogo: 3233. Sasa mpe jirani 3233 peke yake, atafute zile mbili. Atatoka jasho. Mwaka 1977, kule Marekani, Rivest, Shamir na Adleman walijenga kufuli juu ya jasho hilo. Namba kubwa inatangazwa kwa wote, yeyote anaweza kufunga ujumbe nayo, lakini anayefungua ni yule tu anayejua zile mbili. Mwaka 2020 watafiti waliipasua namba ya tarakimu 250, wakitumia mashine nyingi sana kwa pamoja. Kufuli za leo za aina hiyo zina tarakimu zaidi ya 600. Programu za mesaji hutumia hesabu za namna nyingine, lakini wazo ni lile lile: kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima.

Na mlima huo hauulizi kadi ya mpiga kura. Ukimchimbia polisi njia ya mkato, mwizi naye atapita humo. Ugiriki, mwaka 2004 na 2005, mtambo uliowekwa ili simu zisikilizwe kisheria uligeuzwa na watu waliojificha, wakamsikiliza hata waziri mkuu. Ugiriki hiyo, yenye umeme mchana na usiku!

Mimi napokea mesaji kutoka vijijini, mama ananiandikia nani alipita usiku na bunduki ngapi. Maisha yake yanalindwa na hesabu hizo tu. Baba yetu aniambie: huo ufunguo utalala ofisi gani? Mlinzi wake atakuwa amelipwa mshahara? Goma ilitekwa Novemba 2012, ikatekwa tena Januari 2025. Siku kama zile, ufunguo ungebaki mikononi mwa nani? Laini yetu iko wazi, apige tena.