Moyo wa mtoto hausubiri bima: kwa mama wa mtoto mwenye sindromu ya Down

Mama, umejifungua salama. Mkunga anamtazama mtoto kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, kisha anamwita mwenzake. Macho ya mtoto yamepanda kidogo pembeni, viungo vimelegea, kiganja kina mstari mmoja. Hakuna anayekueleza kitu. Unaruhusiwa kwenda nyumbani, na jina la hali ya mwanao unalisikia miezi kadhaa baadaye. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, hauko peke yako.

Katika makala hii tunaangalia jambo moja linalogusa uhai wa watoto hawa: muda unaopotea kati ya kuzaliwa na kupimwa moyo, na jinsi mabadiliko ya bima ya afya Tanzania yanavyoingia katika muda huo.

Kwanza, si kosa lako

Sindromu ya Down hutokea mtoto anapokuwa na kromosomu ya 21 ya ziada: tatu badala ya mbili. Ndiyo maana Siku ya Sindromu ya Down Duniani huadhimishwa tarehe 21 mwezi wa 3. Haitokani na laana, chakula ulichokula ujauzito ukiwa mchanga, wala kugombana na mtu. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda, hasa baada ya miaka 35. Lakini watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama walio chini ya umri huo, kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi. Mkwe au jirani akikuuliza ulifanya nini, jibu ni fupi: hukufanya kitu.

Kwa nini moyo ndio wa kwanza

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, mara nyingi tundu katika kuta zinazotenganisha vyumba vya moyo. Dalili ni kuchoka haraka wakati wa kunyonya, kutoka jasho kichwani anaponyonya, kupumua kwa kasi na kutoongezeka uzito. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, na daktari anaposikiliza kifua hasikii kitu. Kwa hiyo kila mtoto mwenye hali hii anahitaji eko, yaani ultrasaundi ya moyo, hata akionekana mzima. Usisubiri majibu ya kipimo cha kromosomu ndipo uombe eko.

Matundu makubwa mara nyingi hufanyiwa upasuaji ndani ya mwaka wa kwanza, na baadhi ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Yakiachwa, damu nyingi huenda kwenye mapafu na kuharibu mishipa yake. Hapo kuna mtego ambao mama anapaswa kuujua. Presha ya mapafu inapopanda, mtoto anaweza kuonekana amepata nafuu: anapumua vizuri, uzito unaanza kupanda. Nyumbani mnashukuru Mungu. Kumbe nafasi ya upasuaji inafungwa, na mapafu yakishaharibika kabisa, kuziba tundu kunaweza kuwa hatari kuliko kuliacha.

Huduma ikifika mapema, maisha hubadilika. Nchini Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi takriban miaka 25. Leo ni takriban 60. Upasuaji wa moyo ni moja ya sababu kubwa za mabadiliko hayo.

Bima inaingiaje hapa?

Upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini mama wa Kigoma au Newala anafikaje, na nani analipa?

Kwa miaka kadhaa jibu la familia nyingi lilikuwa Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyomwezesha mzazi kumkatia mtoto mmoja bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule au vifurushi vya familia. Hoja ilikuwa kwamba wazazi wengi walisajili watoto waliokwisha kuugua, na fedha zilizoingia hazikutosha matibabu.

Hoja hiyo ina ukweli. Bima huishi kwa michango ya wazima wengi wanaowabeba wagonjwa wachache. Lakini itazame kutoka upande wako. Mwanao amezaliwa na tundu la moyo. Hakuna siku aliyokuwa "mzima" ili umsajili kabla hajaugua. Na mtoto wa miezi 4 hana shule ya kumsajili. Mpango uliolenga kuziba mwanya ulimfungia nje yule asiye na mlango mwingine. Baadaye usajili wa mtoto mmoja mmoja ulirudishwa, lakini kwa mtoto wa aina hii, mwaka uliopotea haurudi.

Mwaka huohuo wa 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima na kuweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa mama wa mtoto huyu, hilo ndilo suluhisho la kweli: kaya nzima ikiwa na bima kabla ya mtoto kuzaliwa, hakuna wa kuambiwa amechelewa. Kipimo cha sheria hiyo kitakuwa kama mtoto atafika kwenye eko kabla ya miezi 6.

Ufanye nini sasa

- Uliza kliniki moja kwa moja: "Naomba rufaa ya eko ya mwanangu." Hakikisha imeandikwa kwenye kadi.
- Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ukiambiwa ulipie kipimo usichokimudu, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo uombe msamaha.
- Katia bima familia nzima mapema, hata kama mnaona wote ni wazima.
- Omba pia mtoto apimwe masikio, macho na tezi ya shingo. Tezi hupimwa tena kila mwaka, kwa sababu ikidorora humzidishia ulegevu na uzito wa kujifunza.
- Anza mazoezi ya viungo mapema. Mlaze kifudifudi akiwa macho, mwimbie, mwite kwa jina lake.

Atakaa, atatembea na kuongea, kwa ratiba yake mwenyewe. Hayo yanaweza kusubiri. Moyo hauwezi.