Mtu wa Kati Si Kigeugeu: Funzo la Marquess wa Halifax

Njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii aghalabu hutumiwa kumlaumu mtu anayekataa kuegemea kambi moja ya kisiasa. Papo hapo huitwa kigeugeu, ndumakuwili au popo, asiye ndege wala mnyama. Maoni yangu ni kwamba msamiati huu unatuzuia kutofautisha mtu asiye na msimamo na mtu ambaye wastani ndio msimamo wake. Maisha ya George Savile, Marquess wa Halifax (1633–1695), yanaidhihirisha tofauti hiyo.

Mwaka wa 1680, nchini Uingereza, kundi la Whig lilitaka James, nduguye Mfalme Charles wa Pili, azuiwe kurithi kiti cha enzi kwa kuwa alikuwa Mkatoliki. Halifax hakuupenda Ukatoliki wa James. Hata hivyo, aliupinga mswada huo katika Baraza la Malodi, nao ukaanguka. James alipotawala mwaka wa 1685, alimtaka Halifax aunge mkono kufutwa kwa sheria iliyowazuia Wakatoliki kushika nyadhifa. Halifax alikataa, akafutwa kazi na mfalme yuleyule aliyemtetea. Kigeugeu angekubali.

Hata mwaka wa 1688, hakutia sahihi barua ya kumwalika William wa Orange. Alitafuta suluhu hadi James alipotoroka. Ndipo akamuunga mkono William, na mwaka wa 1689, kwa niaba ya bunge, akawaomba William na Mary walipokee taji.

Mahasimu walimtusi kwa neno la kibaharia, lenye maana ya msawazisha chombo. Halifax hakulikana. Aliliandikia insha, iliyochapishwa mwaka wa 1688, akieleza kwamba wengine wakikilemea chombo upande huu na wengine upande ule, hapana budi awepo anayetaka kikae sawa. Mpwani hahitaji ufafanuzi. Upepo ukivuma kwa nguvu, mabaharia huhamia joshini ili chombo kisipinduke. Ukigeuka, nao huhama tena. Wanaohama ni wao, ilhali safari ni ileile.

Sidai kwamba Halifax alikuwa malaika. Vyeo alivipenda, akapanda kutoka Viscount mwaka wa 1668 hadi Marquess mwaka wa 1682. Wala sidai kwamba kila jambo lina kati. Baina ya dhalimu na mdhulumiwa, anayejiita wa wastani amekwisha kuchagua upande. Lakini kabla ya kumtupia mtu neno kigeugeu, tuulize: kuhama kwake kumempa nini, na kumemgharimu nini?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna jukumu hapa, kwani jambo lisilo na jina la heshima ni vigumu kuliheshimu. Napendekeza tumwite mtu wa aina hii msawazishaji. Fisi alishindwa na njia mbili kwa sababu alivitamani vitoweo vya njia zote mbili. Huyo si msawazishaji.