Piga Hesabu Kabla ya Kustaafu

Kuna uvumi ambao hauishi maofisini kila mtumishi wa umma anapokaribia miaka 50: “Staafu mapema, uchukue mamilioni yako ufungue biashara.” Mnamo 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, lakini anayetaka kuondoka akiwa na 50 anaruhusiwa. Kabla ya kuandika barua hiyo, keti na mwenzako wa nyumbani mpige hesabu.

Wengi hudhani pensheni hutokana na pesa zote wanazopokea mwisho wa mwezi. La hasha! Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo. Huchukuliwa mshahara wa kimsingi wa mwaka, ukazidishwa kwa miezi uliyofanya kazi, kisha ukagawanywa kwa 480.

Tuseme mwalimu ana mshahara wa kimsingi wa Sh48,000 kwa mwezi, yaani Sh576,000 kwa mwaka. Akiondoka na miaka 50 baada ya kufunza miaka 25, ambayo ni miezi 300, pensheni yake ya mwaka ni Sh360,000. Akitaka robo yake ilipwe kwa mkupuo, robo hiyo huzidishwa mara 20, naye hupata Sh1.8 milioni. Lakini kila mwezi atabaki na Sh22,500 pekee. Je, zitatosha karo, kodi na chakula?

Akivumilia hadi miaka 60, hata mshahara usipopanda, mkupuo utakuwa Sh2.52 milioni na pensheni Sh31,500 kwa mwezi. Isitoshe, atakuwa amepokea mshahara miaka kumi zaidi.

Hesabu hiyo ni ya waliosalia katika mpango wa zamani. Januari 2021, waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya wa kuchangia, ambapo mfanyakazi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa kimsingi nayo serikali huongeza asilimia 15. Ulizia ofisini uko katika mpango upi.

Huenda afya au shughuli nyingine ikakulazimu kuondoka mapema, na si vibaya. Vibaya ni kuondoka kwa kusikia tu. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari.