Mkata Mti na Kisiki Chake

Ndugu zangu wa Mbozi, Momba, Ileje, wilaya ya Songwe na Tunduma mjini,

Mahindi yakishaingia ghalani na barabara za vijijini zikakauka, mkoa wetu huanza kunguruma. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, sauti ya msumeno wa mnyororo, chensoo kama wengi tunavyouita, inasikika kutoka kwenye misindano ya Ileje hadi pembezoni mwa mibuni ya Mbozi. Huyu anapasua mbao za paa, yule anatafuta kuni za tanuru la matofali, mwingine anajiwekea kuni za masika. Ni msimu wa kipato, na sina neno baya juu yake. Ombi langu ni hili: tusimwite mkata mti shambani kabla hatujajiuliza atarudije nyumbani kwake jioni, na kisiki atakachotuachia kitakuwaje mvua zikianza.

Nianze na mtu, maana mti unaweza kupandwa upya. Wakata miti wetu wengi ni vijana. Kazi wameifunza kwa kushika mashine ya rafiki, wanalipwa kwa mti au kwa tripu, na mara nyingi utawakuta msituni wamevaa kandambili, kichwani kofia ya kitambaa. Mashine waliyoishika ina mnyororo unaoweza kuzunguka kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Mguu hauwezi kuukwepa. Anayelipwa kwa idadi ya miti hukimbilia mti unaofuata, na sisi wenye shamba ndio tuliompangia malipo ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenye shamba ana sehemu yake katika usalama wa kazi, hata kama hajawahi kuushika msumeno.

Fundi anayeijua kazi utamtambua kabla hajawasha mashine. Anauzunguka mti akiangalia juu: kuna tawi kavu lililoning'inia? Mti umeegemea wapi, na upepo unatoka wapi? Anafyeka njia mbili za kukimbilia, zinazokwenda nyuma kwa mshazari, mbali na upande mti utakakolala. Anawaondoa watoto, mbuzi na watazamaji hadi umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Kisha anakata mdomo upande wa kuangukia, wenye kina cha robo ya unene wa mti au pungufu kidogo. Halafu anahamia nyuma na kukata kwa usawa, juu kidogo ya kona ya ule mdomo, lakini hafiki mwisho. Anabakiza ukanda wa mti usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Kwa mti wa sentimita 40, anabakiza sentimita 4. Ukanda huo ndio bawaba. Ndio unaoushika mti wakati unalala na kuuongoza uende ulikoelekezwa. Akiukata wote, mti unajiamulia wenyewe pa kwenda.

Mti ukigoma kulala, anagongea kabari ya mbao ngumu au ya plastiki, kamwe si ya chuma, kwa sababu mnyororo ukigusa chuma meno yake yanaharibika papo hapo. Mti ukikwama juu ya mwingine, hapiti chini yake, na wala haukati ule ulioubeba. Anauvuta kwa kamba ndefu au anauzungusha kwa mti wa kuwenzia. Akishindwa, anaacha alama inayoonekana na kuwazuia watu mpaka apate msaada. Jambo jingine ambalo vijana wetu hawaambiwi mapema ni kwamba robo ya juu ya ncha ya bapa linalobeba mnyororo haipaswi kugusa kitu. Ikigusa gogo au tawi, msumeno unaruka nyuma kuelekea usoni, kabla mikono haijapata nafasi ya kuuzuia. Ndiyo maana breki ya mnyororo lazima iwe nzima, na dole gumba la mkono wa kushoto lizunguke mpini wa mbele.

Tazameni pia kinachotoka kwenye mkato. Mnyororo uliochongwa vizuri kwa tupa hutema vipande vya mti vinavyoonekana na kushikika. Ukiona unatoa vumbi laini kama unga, umekuwa butu; kijana ataanza kuukandamiza kwa nguvu, atachoka, na uchovu ndio unaoleta ajali. Dakika 10 za tupa kila tenki linapoisha si uvivu, tafadhali tusimfokee. Mashine nyingi za siku hizi hutaka mililita 100 za oili maalumu kwa kila lita 5 za petroli, lakini kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Ile tabia ya kulainishia mnyororo kwa oili chafu iliyomwagwa gereji inaziba pampu, inamrukia mtu mwilini na inachafua udongo tunaolima. Tuiache.

Sasa kisiki. Miti mingi ya miombo yetu, na mikaratusi tuliyoipanda, huchipua ikikatwa. Kisiki kikiachwa kifupi, sentimita 10 hivi kutoka ardhini, kikakatwa kwa mshazari ili maji yasituame, na gome lake lisichubuke, mvua za kwanza zitatoa machipukizi mengi. Baada ya mwaka mmoja hivi, bakiza mawili au matatu yenye nguvu, mengine yaondoe. Una mti tena bila kununua mche, na mizizi yake ni ile ile ya zamani inayojua maji yaliko. Maadui wa machipukizi hayo ni mbuzi na moto wa kiangazi, na wote wawili wako mikononi mwetu.

Msindano hauna bahati hiyo. Ukiukata, umekwisha, kwa hiyo anayevuna misindano awe na miche kitaluni kabla hajauza gogo la kwanza. Mgrivelia ulioko kwenye kahawa usiangushwe kwa ajili ya kuni. Upogoe matawi tu, kuni utapata na kivuli kitabaki. Msuku, jamani, tuuhurumie. Ndio unaotupa masuku ambayo watoto wetu huyachuma, na chini ya miti hiyo ya miombo ndiko uyoga unakotokea mvua zikifungua. Kwenye chemchemi na kingo za mito tusiguse kabisa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulindwa kandokando ya mito, na mito Momba na Songwe inatuhitaji tuziheshimu.

Nina neno pia kwa walaji wa kuni, hasa Tunduma na Vwawa. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiitia jikoni, moto wako unachemsha maji ya kuni kwanza ndipo uchemshe ya ugali, na mama ndiye anayeuvuta moshi wote. Ipasue, ipange juu ya magogo mawili isiguse ardhi, upepo upite katikati, na juu uifunike. Iliyokatwa Juni itakuwa tayari kwa masika. Iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, na ukigonga vipande viwili vinalia kwa sauti kali. Kuni kavu kwenye jiko banifu ni miti michache zaidi inayokatwa. Wachoma matofali nao wajaribu pumba za mpunga kutoka Kamsamba na maganda ya kahawa, wapunguze magogo. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini ugali wa leo usiku katika vijiji vyetu vingi bado utapikwa kwa kuni.

Basi tufanye nini? Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ulio karibu, tuombe ajenda hii iwemo. Kamati ya maliasili imwalike afisa misitu wa wilaya aje na fundi mzoefu, waangushe mti mmoja mbele ya vijana wote wenye misumeno, hatua kwa hatua, na afisa huyo atueleze vibali vya kukata na hati za kusafirisha ili mtu asikwamie kizuizini. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi hufundisha kazi hizi. Halmashauri zinaweza kuwapeleka vijana wachache, wakirudi wawafundishe wenzao. Wenye mashamba tukubaliane kulipa kwa siku. Tuchangie kofia ngumu, miwani, vizuia kelele, suruali za kinga na buti, vikae ofisi ya kijiji na kuazimwa kama tunavyoazima sufuria za shughuli. Tukubaliane pia kwamba asiyevaa haingii shambani, na asiye na mwenzake wa kumwita akiumia haanzi kazi siku hiyo.