Mfungo si Hongo, Njaa si Imani



Wapendwa wanaparokia, juma hili ninaandika nikiwa na uchungu. Kijana wetu mmoja, mwanariadha mwenye umri wa miaka 16, alianguka katika mbio za mchujo wakati wa Kwaresima. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa ameonja chakula wala maji tangu jana yake. Alipozinduka alieleza kwamba alikuwa na hofu kubwa ya kushindwa, akaambiwa kuwa akifunga kavu Mungu atamwondolea hofu na kumpa ushindi. Tena, asubuhi ile alikuja kwangu kuomba baraka, nami nikambariki bila kumwuliza amekula nini. Basi maneno haya najiambia mwenyewe kwanza.

Ni nani aliyetufundisha kwamba Mungu anauza medali, na bei yake ni njaa ya mtoto? Ibilisi alimtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake (Mt 4), na Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Sisi twamtuma mtoto ajitupe uwanjani akiwa mtupu tumboni, kisha twaita jambo hilo imani. Hiyo ni hongo. Na akishindwa, twamwambia kwamba hakusali vya kutosha. Hapo tunamtwisha mizigo miwili: aibu ya kushindwa na shaka kwamba Mungu amemkataa. Je, mshindani wake hana mama anayemwombea?

Kanisa lina busara kuliko wahubiri wetu wa mitaani. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa inamtaka aliyetimiza miaka 14 ajinyime nyama, lakini sheria ya kufunga inawabana waliotimiza miaka 18 mpaka watakapoanza mwaka wao wa 60. Siku zenyewe za kufunga ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayetaka kuongeza kwa mapendo na aongeze, lakini asimtwike mtoto kwa vitisho.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Katika mji kama Tabora, Mkristo na Mwislamu huvaa jezi moja. Mwalimu wa michezo anayemwambia kijana wa Kiislamu, "Fungua, la sivyo hupangwi," anampa hofu mbaya kuliko njaa. Hakeem Olajuwon alifunga Ramadhani ya mwaka 1995 huku akicheza mpira wa kikapu Marekani, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi Februari. Najua, yeye alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu, na si kila kijana ataweza. Ndiyo maana kijana anahitaji kusikilizwa, pamoja na wazazi wake na viongozi wa dini yake, badala ya kutishwa.

Tutambue jambo moja la mwili. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kizunguzungu huweza kuletwa na hofu, lakini huletwa pia na njaa na ukosefu wa maji. Kijana akivihisi hivyo hudhani ameingiwa na woga, na kwa kudhani hivyo woga huongezeka. Ukimwambia afunge zaidi ili woga umtoke, unamwaga mafuta juu ya moto.

Eliya alipomkimbia Yezebeli alijaa hofu hata akajiombea kufa (1Fal 19). Malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, si mara moja bali mara mbili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ndipo akatembea siku arobaini. Usingizi, chakula na maji vilikuja kwanza.

Wazee wetu waliijua hekima hiyo. Mapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo waliondoka alfajiri, wakatua mizigo kabla jua halijawa kali, na walidai posho yao bila haya. Mwenye msafara aliyewanyima posho alihatarisha safari yake. Sisi makuhani, wazazi na makocha ndio virangozi wa vijana hawa.

Basi tufanye hivi. Mwenye kufunga apunguziwe mazoezi, nayo yasogezwe karibu na futari; anywe maji vya kutosha usiku na asiruke daku. Mkatoliki chini ya miaka 18 ale siku ya mashindano, na mfungo wake uwe kuacha masengenyo au kumsaidia mwenzake aliyeachwa nje ya timu. Kabla ya kipenga avute pumzi taratibu na kusali kwa kifupi, akiomba utulivu, si ushindi. Akirudi nyumbani ameshindwa, swali la kwanza la mzazi lisiwe, "Umekuwa wa ngapi?"

Yule kijana amepona. Nimemwomba radhi. Nawaomba nanyi, kabla ya kumwekea mtoto mikono kichwani, mwulizeni kwanza kama amekula.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.

Padre wenu