SAUTI TAMU, NYUMBA TUPU



Leo nasema na wewe unayepiga kinanda, na pia na wewe ambaye hujawahi kukigusa lakini umezoea kuabudu peke yako chumbani.

Kuna jambo limeenea sana miongoni mwa wapenda muziki huko Ulaya na Marekani. Mtu ana kazi yake ya kawaida, lakini nyumbani amepanga kibodi mbili tatu, moja juu ya nyingine, pedali za miguu chini, kompyuta kando. Akibonyeza, unasikia kinanda cha mabomba cha kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, kilichoundwa na Henry Willis mwaka 1877. Akibadilisha, anapiga kile cha Zwolle, Uholanzi, kilichojengwa na wana wa Arp Schnitger mwaka 1721. Na hajatoka sebuleni!

Inawezekanaje? Watu huingia kanisani na maikrofoni, wakarekodi bomba moja baada ya jingine, noti moja baada ya nyingine, hadi mwangwi unaobaki ukutani baada ya kidole kuinuka. Kinanda kikubwa kina maelfu ya mabomba. Baada ya hapo, programu kama Hauptwerk, au GrandOrgue ambayo ni ya bure, huziita sauti hizo kila mtu anapobonyeza.

Wako wanaocheka na kusema hicho ni kinanda bandia. Mimi sicheki, na wewe usicheke. Tarumbeta na fidla zinazotoka kwenye kibodi ya kanisa lako zilirekodiwa vilevile. Tutawacheka kwa mdomo gani? Zamani mwanafunzi wa kinanda alihitaji ufunguo wa kanisa na ruhusa ya wazee. Leo anafanya mazoezi usiku wa manane, spika ziko masikioni, na mtoto hajaamka. Hiyo ni neema.

Tena bidii yao inatuaibisha. Mtu anasikiliza maelfu ya mabomba, moja moja, asiruke hata moja. Sisi je? Mpiga kinanda anafika sifa zimeanza, anatafuta ki ya wimbo huku kanisa zima limesimama likimngoja. Halafu tunasema Roho ataongoza. Mpendwa, Roho huongoza hata mazoezi ya Jumamosi.

Lakini sasa nisikilize vizuri.

Mara nyingi sauti hizo hurekodiwa usiku, kanisa likiwa halina mtu. Kwa nini? Kwa sababu watu wana kelele. Mmoja anakohoa, mwingine anaburuta kiti, mtoto analia, magari yanapita nje. Kuna sababu nyingine pia ya mwangwi ule kuwa mrefu: miili na nguo hunywa sauti. Kanisa likijaa, mwangwi hupungua. Kwa hivyo ule mwangwi mtamu unaousikia sebuleni ni mwangwi wa nyumba tupu.

Kwa muziki wa mazoezi, hiyo si dhambi. Kwa maisha ya mwamini, ni hatari.

Tangu makanisa yafungwe mwaka 2020, wako wapendwa ambao hawajarudi hadi leo. Wanasema ibada ya kwenye simu ni safi zaidi. Hakuna wa kukusukuma kwenye benchi, hakuna mtoto wa jirani anayelia, hakuna mzee anayeimba nje ya sauti. Ni kweli, sauti ni safi. Lakini nani atajua wiki hii hukula? Nani atakuwekea mkono begani ukilia? Kinanda cha kanisani hubeba sauti za watu wanaoimba. Ukiwaondoa watu, umebaki na chombo kizuri kisichokuwa na mzigo wa kubeba.

Simsemi mgonjwa aliye kitandani. Simsemi dada yetu aliye Saudia akifanya kazi za nyumbani, ambaye hana kanisa la kuendea; simu ndiyo madhabahu yake, na Mungu anamsikia. Nakusema wewe uliye na miguu, na kanisa liko mtaa wa pili.

Soma Matendo 2. Ule uvumi kama wa upepo wenye nguvu uliijaza nyumba ambayo watu walikuwa wameketi, wote pamoja mahali pamoja. Bomba la kinanda halilii bila upepo. Hata wewe hutalia bila pumzi ya Mungu, na mara nyingi pumzi hiyo hutupata tukiwa tumekaa pamoja, na kikohozi chetu, na watoto wetu.

Basi Jumamosi, vaa spika zako masikioni ufanye mazoezi mpaka vidole vichoke. Jumapili, njoo mapema. Keti karibu na yule anayeimba vibaya, uimbe naye.

Baba, tutoe vyumbani, utujaze tukiwa pamoja. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mpigie simu ndugu mmoja ambaye hujamwona kanisani muda mrefu. Ubarikiwe.