Wosia kwa Binti; na Mwana wa Kiume Je?

Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Wiki iliyopita tuliazima maktaba kitabu chenye Utendi wa Mwana Kupona, tukausoma nyumbani baada ya Isha pamoja na ahali zetu. Bibi huyu wa Pate aliutunga mnamo 1858, hali ni mgonjwa, ili amwachie binti yake mafunzo ya dini, adabu na kuishi na mume. Maradhi hayakumzuia kufanya lile ambalo sisi wenye afya tunaliahirisha kila siku.

Tulipofunga kitabu, binti yetu akauliza: "Baba, na kaka ameandikiwa wapi wosia wake?" Tukanyamaza.

Ndugu Waislamu, swali hilo latuhusu sote. Binti tunamfunza kumtumikia mume. Mvulana tunamwacha ainuke kwenye sinia bila kuondoa hata kikombe chake. Ilhali Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alijibu, kama alivyopokea Bukhari, kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali.

Hatumlaumu Mwana Kupona. Yeye alitimiza wajibu wake. Wosia wa mwana wa kiume ni juu yetu sisi akina baba. Basi tuuanze leo kwa vitendo: tukimaliza kula, tuinuke pamoja na wana wetu tuondoe vyombo.

Wabillahi tawfiq.